Nani Apite Kwanza

Mtandao wa ofisi ukikwama, kauli mbili hutangulia: laini ni ndogo, au kuna kitu kimekufa. Fundi ninayeeleza habari zake hapa, mama wa makamo anayesimamia mtandao wa hospitali moja jijini Dar es Salaam, huwa hazikubali wala hazikatai. Anangoja swichi yenyewe, kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao, iseme. Swichi husema kwa tarakimu, na tarakimu hizo hazimfai mtu mwenye haraka.

Malalamiko yalikuwa haya. Kila asubuhi, baina ya saa tatu na saa tano, simu za mezani zilikuwa zinakatakata sauti. Muuguzi wa wodi akipiga maabara kuuliza majibu, anasikia jina la kwanza la mgonjwa, la pili linamezwa. Madaktari wakifungua picha za CT scan, zinakuja kwa kusuasua. Tayari ilikuwa imeandikwa barua ya kuomba intaneti ya kasi zaidi. Fundi aliisoma barua yote, kisha akauliza swali moja: simu inayokatika inatoka chumba gani kwenda chumba gani? Wodi na maabara zimo ndani ya uzio mmoja. Sauti ile haitoki nje ya geti. Hata laini ya intaneti ingeongezwa mara kumi, muuguzi angeendelea kusikia nusu ya jina.

Barua ikawekwa pembeni, daftari likafunguliwa. Alichora safu tatu: saa, chumba, dalili. Akazunguka nalo idara kwa idara, akiamkia na kuamkiwa, na hakumuuliza mtu hata mmoja kama mtandao ni mzuri au mbaya. Aliuliza, "Mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na ulikuwa unafanya nini?" Mtu akijibu "asubuhi", anamrudisha taratibu: kabla ya chai au baada ya chai? Safu zilipojaa, picha ikajitokeza bila kompyuta yoyote kuwashwa. Ghorofa za juu zilikuwa salama. Waliolalamika walikuwa wa chini: eksirei, CT scan, maabara, mapokezi, na kila aliyewapigia simu.

Wote hao wanahudumiwa na swichi moja, iliyofungwa ndani ya kabati la chuma nyuma ya chumba cha kumbukumbu. Ni swichi ya poti 48, kila poti ikipitisha hadi gigabiti 1 kwa sekunde. Kwenda kwenye swichi kuu ya hospitali kuna nyaya mbili za faiba, nazo za gigabiti 1 kila moja, zilizounganishwa kimipangilio zihesabike kama njia moja. Poti 48 zinaingia, njia 2 zinatoka. Ukipiga hesabu ya karatasini utadhani aliyejenga alikosea, lakini hakukosea. Mitandao mingi hujengwa kwa kutegemea kwamba watu hawazungumzi wote kwa sekunde ileile. Kazi ya fundi huanza pale wanapozungumza wote.

Alianza na mikono. Alifungua kabati, akasikiliza feni, akapitisha brashi kavu kwenye matundu ya hewa, maana vumbi na joto la Dar huua vifaa mapema. Kebo zake zimefungwa kwa mikanda laini ya kunata, si ile ya plastiki inayokaza hadi kubana nyaya za ndani, na kila kebo ina lebo ncha zote mbili. Alizishika moja moja kwenye kichwa, akabonyeza kusikia kama kimekaa. Aliyekuwa naye kazini, kijana wa mafunzo kwa vitendo, akapendekeza, "Mama, tuizime tuiwashe?"

"Ukiizima, mwanangu, umefuta ushahidi wote."

Ni kweli tupu. Vihesabio vya swichi hukaa kwenye kumbukumbu inayopotea umeme ukikatika. Kuzima na kuwasha huondoa dalili kwa saa chache na huficha sababu ya dalili kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hakuna atakayeweza kuiona tena mpaka irudi yenyewe.

Akachomeka waya wa konsoli kwenye kompyuta mpakato. Kwenye skrini nyeusi aliita takwimu za poti moja baada ya nyingine, na hapa alimweleza kijana jambo ambalo mafundi wengi hulichanganya. Pakiti, vile vipande vidogo ambamo data husafiri, hupotea kwa namna mbili. Kuna zinazofika zimeharibika, kwa sababu kebo ni mbovu, kichwa kimelegea au faiba ina uchafu. Hizo swichi huzihesabu kama makosa. Na kuna zinazofika nzima kabisa, ikakosekana nafasi ya kuziweka, zikatupwa; hizo zina kihesabio chake peke yake. Dawa ya kwanza ni kubadilisha kebo. Dawa ya pili haimo dukani. Kwenye poti zake zote makosa yalikuwa 0. Pakiti zilizotupwa kwenye njia ya kutokea zilikuwa nyingi.

Hakushangilia. Tarakimu kubwa isiyo na tarehe haina maana, kwani huenda zilitupwa mwaka jana. Alinakili vihesabio vyote kwenye faili, akavirudisha kwenye sifuri, akaandika saa kwenye daftari, akafunga kabati, akaenda kufanya kazi nyingine. Kesho yake saa tatu kasorobo alikuwa mbele ya skrini ileile, akiita takwimu zilezile kila dakika moja. Saa tatu na dakika chache kihesabio kikaanza kupanda. Kikatulia. Kikapanda tena.

Jambo la kutatanisha lilikuwa kwenye grafu. Hospitali ina mfumo unaochora matumizi ya kila njia, na grafu ya njia ya ghorofa ya chini ilikuwa imelala chini asubuhi nzima. Njia inaonekana tupu, na hapohapo inatupa pakiti. Fundi akachukua kalamu. Picha moja ya CT scan ina nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti 2, jumla karibu nusu megabaiti. Uchunguzi wa mgonjwa mmoja unaweza kuwa na picha 1,000. Hizo ni kama megabaiti 500, na mashine yenye poti ya gigabiti 1 huweza kuzisukuma zote kwa sekunde 4 na ushee. Mfumo wa grafu nao huchora wastani wa dakika 5, yaani sekunde 300. Sekunde 4 za njia kujaa pomoni ukizigawanya kwa 300 unapata asilimia 1 na kitu. Kwa hiyo grafu inaweza kusema asilimia 1 katika dakika ileile ambayo muuguzi hasikii kitu, na ikawa haijadanganya.

Niliuangalia ule mstari wa hesabu kwenye daftari kwa muda mrefu. Umeandikwa kwa mwandiko wa shule ya msingi, hatua kwa hatua, bila kuruka.

Sasa ndani ya swichi. Pakiti ikiingia na kukuta njia ya kutokea ina kazi, huwekwa kwenye kumbukumbu ndogo, bafa, isubiri zamu yake. Pakiti ya ukubwa wa kawaida, baiti 1,500, huchukua mikrosekunde 12 tu kutoka kwenye njia ya gigabiti 1, kwa hiyo foleni huyeyuka haraka, kama wanaoingia hawazidi wanaotoka. Lakini poti mbili zikisukuma kwa kasi yake yote kuelekea njia moja, nusu ya mzigo haina pa kwenda. Sehemu ya bafa ikiwa megabaiti 1, itajaa kwa milisekunde 8. Baada ya hapo kila pakiti inayokosa nafasi hutupwa, iwe ya nani, iwe ya nini.

Swali likabaki: nani wa pili? Mashine ya CT scan peke yake haiwezi kujaza njia mbili. Fundi akaiagiza swichi inakili kila kinachopita kwenye faiba kwenda kwenye poti ya pembeni, akachomeka hapo kompyuta yenye programu ya kusoma pakiti. Alikuwa anatafuta anwani tu: nani anampelekea nani, kwa ukubwa gani. Akaipata seva ya maabara. Bekapu yake, iliyopangwa kuanza usiku, ilikuwa imekua mwezi hadi mwezi kadiri kumbukumbu za wagonjwa zilivyoongezeka, hata siku hizi jua linachomoza bado inakwenda, kwa mikupuo mifupi, na saa tatu CT scan inapoanza kazi zinakutana.

Akaangalia jambo jingine ambalo mimi nisingeliwaza. Aliacha takwimu za ile njia ya pamoja, akaita takwimu za kila faiba peke yake. Ya kwanza ilikuwa inafurika. Ya pili ilikuwa karibu tupu.

Sababu yake ni hii. Swichi haigawi pakiti moja huku moja kule, kwa sababu pakiti za mazungumzo yaleyale zingefika zikiwa zimepishana. Hutazama anwani, hupiga hesabu fupi, na matokeo ya hesabu huamua faiba. Mazungumzo yaleyale hubaki kwenye faiba moja mwanzo hadi mwisho. Swichi hii ilikuwa imeachwa na mpangilio wa kutazama anwani ya kifaa kinachopokea. Sasa, pakiti zote zinazotoka ghorofa ya chini kwenda idara nyingine au chumba cha seva hupokelewa kwanza na kifaa kimoja, lango la kati la mtandao. Anwani moja, hesabu moja, faiba moja. CT scan, bekapu na sauti za wauguzi, wote walikuwa wanabanana upande mmoja, na faiba ya pili, iliyonunuliwa kwa fedha halali, imekaa.

Kubadilisha hesabu hiyo ili itazame anwani za mtandao za mtumaji wa mwanzo na mpokeaji wa mwisho ni mstari mmoja wa amri. Fundi wa kawaida angeuandika palepale na kwenda nyumbani akiwa shujaa. Yeye aliuandika kwenye daftari. Mgawanyo mpya, alisema, unapunguza uwezekano wa CT scan na bekapu kukutana upande mmoja, hauondoi. Siku hesabu ikiwaangusha pamoja, muuguzi atarudi palepale. Ilibaki kazi yenyewe, ya kuamua nani apite kwanza njia inapojaa.

Hospitali inaijua kanuni hii vizuri kuliko ofisi yoyote: aliyeletwa anavuja damu hapangi mstari nyuma ya aliyekuja kufungua kadi. Ugumu ni kuitamka kwa lugha ya swichi. Kila pakiti ya intaneti ina nafasi ya biti 6 kichwani mwake, iliyotengwa kwa kazi hii kwa mpangilio wa mwaka 1998, yenye uwezo wa kubeba alama 64 tofauti. Sauti kwa desturi hupewa 46. Simu za mezani za hospitali zilikuwa zinaiweka alama hiyo siku zote, kwa uaminifu, na swichi ilikuwa haiitazami.

Nilitegemea angeamuru tu alama ziheshimiwe. Hakufanya hivyo. Kompyuta yoyote inaweza kujiandikia 46, na ikiwa kila mtu ni wa kwanza hakuna wa kwanza. Kwa hiyo aliamua poti kwa poti. Kwenye poti za simu, alama inaaminika. Kwenye poti za kompyuta za kawaida, alama yoyote inayokuja inafutwa. Mashine ya CT scan na zile za eksirei haziweki alama zenyewe, basi swichi itaziwekea kwa kuzitambua kwa anwani. Seva ya maabara ikampa kazi zaidi, kwani majibu ya vipimo na bekapu vinatoka kwenye mashine ileile. Alivitenganisha kwa namba ya huduma, majibu yapite na picha, bekapu ishuke chini kabisa. Orodha hiyo ilimchukua siku, akienda kwenye kila mashine kuhakikisha anwani iliyoandikwa ndiyo iliyopo.

Kisha foleni. Alizipanga nne. Sauti ikapewa foleni ya kutangulia: ikiwepo pakiti ya sauti, itoke kabla ya nyingine yoyote. Lakini aliiwekea dari, asilimia 10 ya njia, isipite hapo. Foleni ya kutangulia isiyo na dari, kifaa kimoja kikipata wazimu, hufungia wengine wote nje. Na sauti haihitaji zaidi. Simu moja ya mezani pale hutuma pakiti 50 kila sekunde, kila moja imebeba milisekunde 20 za sauti. Simu 100 zikizungumza kwa pamoja hazifiki megabiti 10 kwa sekunde, sehemu ndogo mno ya gigabiti 1. Sauti ni ndogo. Inachotaka ni isisubirishwe, na isitupwe, kwa sababu hakuna anayeituma tena. Picha ya CT scan ikipoteza pakiti, mashine huirudia, daktari hajui. Silabi ikipotea imepotea.

Foleni ya pili, picha na majibu ya maabara, akaipa fungu kubwa la kilichobaki. Ya tatu, kazi za kawaida. Ya nne, bekapu, ikaachiwa makombo, na ruhusa ya kutumia njia yote pale isipotumiwa na mwingine.

Kijana akauliza swali zuri: kwa nini tusiongeze bafa, zisitupwe kabisa? Fundi akaweka kalamu chini kumjibu, na jibu lake lina historia. Mnamo Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, majengo yaliyotengana kwa umbali usiofika nusu kilomita, kasi ya mtandao ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson na Michael Karels walichunguza wakakuta kompyuta zilikuwa zinatuma upya bila kupunguza mwendo, zikizidisha msongamano uliozikwamisha. Tiba waliyoitoa ndiyo inayofanya kazi mpaka leo: pakiti ikipotea, mtumaji aichukulie kama taarifa, apunguze kasi, kisha apande tena kidogo kidogo. Kupotea kwa pakiti, basi, ni namna mtandao unavyosema "punguza". Ukijenga bafa kubwa kupita kiasi, taarifa hiyo inachelewa. Watumaji wanaendelea kusukuma, foleni inarefuka, hakuna kinachopotea na hakuna kinachofika kwa wakati. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mhandisi Jim Gettys alionyesha jinsi bafa za namna hiyo zilivyokuwa zimeenea hadi kwenye vifaa vya majumbani.

Kwa hiyo aliongeza bafa ya foleni ya picha tu, kwa kiasi, kwa sababu picha huja kwa mkupuo na mkupuo unastahili pa kushukia. Kwenye kazi za kawaida na bekapu akawasha utaratibu uliotokana na kazi ya Sally Floyd na huyohuyo Jacobson ya mwaka 1993: foleni ikianza kurefuka, kabla haijajaa, swichi itupe pakiti chache kwa bahati nasibu, watumaji wapate habari mapema na wasipunguze wote kwa mpigo. Foleni ya sauti hakuigusa kwa hilo. Mtu anayezungumza huwezi kumwambia apunguze kasi.

Mabadiliko aliyafanya saa nane usiku, akiwa ameshaarifu zamu ya wodi na chumba cha dharura. Jambo la kwanza kuandika kwenye skrini halikuwa foleni, alama wala ule mgawanyo mpya wa faiba. Aliiagiza swichi ijizime na kuwaka yenyewe baada ya dakika 10, irudie mpangilio wa zamani uliohifadhiwa. Kama amri zake zingemfungia nje, au zingeangusha simu ya dharura, swichi ingejirudisha bila yeye. Ndipo akaanza, akisoma kila mstari kwa sauti ya chini kutoka kwenye karatasi, kijana akifuatisha kwa kidole, kabla ya kubonyeza. Kundi la mistari likiisha, anasimama, anaita takwimu, anapiga simu wodini: "Unanisikia vizuri, dada?" Muuguzi akajibu. Fundi akaifuta ile amri ya kujizima, lakini mpangilio mpya hakuuhifadhi kwa kudumu mpaka alipoita kila foleni na kuona kila aina ya pakiti imeingia panapostahili. Mashine moja ya eksirei ilikuwa inaangukia kwenye kazi za kawaida. Anwani yake ilikuwa imekosewa tarakimu moja. Akairekebisha, akaangalia tena, akahifadhi.

Asubuhi saa tatu alikuwa na daftari lake. CT scan ikaanza. Kihesabio cha bekapu kikapanda, pakiti zikitupwa kwa mamia. Kijana akashtuka. Fundi akamwonyesha kidole mstari wa juu: foleni ya sauti, zilizotupwa 0. Foleni ya picha, 0. "Zinapotea pale nilipoziambia zipotee," alisema. Bekapu ilipunguza mwendo, ikangoja, ikamaliza baadaye, na hakuna mgonjwa anayesubiri bekapu. Ameahidi kuisogeza ianze mapema zaidi usiku, baada ya kuelewana na watu wa maabara.

Hakuna kifaa kilichonunuliwa. Kilichotumika ni faiba iliyokuwepo, alama zilizokuwa zinapuuzwa, kalamu, na mtu aliyekubali kutazama tarakimu ikipanda dakika kwa dakika kabla ya kuwa na maoni. Kazi ya namna hii haina uzinduzi wala utepe wa kukata, na ndiyo maana wanaoifanya vizuri hawajulikani nje ya vyumba vyao.

Wewe unayesaini malipo ya hospitali, shule au ofisi: siku watakapokuletea ankara ya swichi mpya au laini nene zaidi, usikatae, ila usisaini bado. Mwombe fundi wako akuonyeshe pakiti zilizotupwa, poti kwa poti na foleni kwa foleni, na umpe siku za kuzihesabu.